"Hilo dema au jeneza?" Dhana potofu kuhusu kayaki ya kushona

Wiki ya pili ya kujiundia kayaki, fremu ikiwa imelala juu ya madumu mawili chini ya mwembe, jirani yangu alipita akielekea Ngamiani, akasimama, akauliza: "Hilo dema au jeneza?" Sikumlaumu. Kabla haijavishwa kitu, kayaki ya asili ya watu wa Aktiki, kule kaskazini kabisa kwenye barafu, chombo chembamba cha mtu mmoja kinachoendeshwa kwa kafi, haifanani na chombo chochote tunachokijua hapa Tanga. Ni fito, mataruma membamba (mbavu za chombo) na kamba, basi. Na maneno mengi niliyoyasikia pale uani yalitoka hapo hapo: tunaitazama kwa macho yaliyozoea mashua na mtumbwi, ambavyo ubao wenyewe ndio chombo. Kwenye kayaki hii mifupa ndiyo inayobeba mzigo. Ngozi, yaani kinachoivika hata kikiwa kitambaa, ni ya kuzuia maji tu.

"Bila ngozi ya mnyama si yenyewe"

Wainuit wa Greenland walitumia ngozi ya sili kwa sababu sili ndiye waliyekuwa naye. Mbao nazo waliziokota ufukweni, zilizoletwa na bahari, maana kwao hakuna misitu ya kupasua mbao. Ngozi ile ilitaka kupakwa mafuta mara kwa mara na kubadilishwa ikichakaa, kama wazee wetu walivyopaka vyombo sifa (mafuta ya papa) na deheni. Leo hata Greenland kwenyewe watu hutumia maradufu ya pamba au nailoni, kisha hupaka rangi. Aliyenishauri ngozi ya mbuzi namheshimu, ila kwa joto letu na unyevu huu, sidhani kama majirani wangenivumilia wiki mbili.

Wapo pia wanaosema chukua turubai la plastiki, lile la bluu, umalize kazi. Hapana. Halishiki rangi, linachanika kwenye mshono, na jua linalila.

"Ikigusa jiwe imekwisha"

Hili nililisikia zaidi ya yote, na lina ukweli ndani yake, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Mzee mmoja mvuvi wa mwalo wa Deep Sea, hapa Tanga, alikuja kutazama. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Sasa hilo shuka lako likikutana na jiwe?" Nilikuwa na kipande cha maradufu nilichokuwa nimekiwamba kwenye fremu ndogo ya majaribio na kukipaka rangi ya mafuta mikono mitatu. Nikampa, nikamwomba akipige kwa ncha ya kafi. Akapiga kwa adabu. Nikamwambia apige kweli. Kafi likarudi kama limegonga ngoma. Akakigeuza, akakisugua kwa kidole gumba, akasema "mh" tu.

Ubao ukigongwa unapasuka kwa sababu haurudi nyuma. Kitambaa kilichowambwa hubonyea, na taruma lililo nyuma yake nalo hupinda, pigo likaisha nguvu. Mwaka 1956 daktari Mjerumani, Hannes Lindemann, alivuka Atlantiki akiwa peke yake kwa siku 72 ndani ya kayaki ya kukunja: fremu ya mbao iliyovikwa kitambaa chenye mpira. Miaka 20 baadaye Tim Severin na wenzake walitoka Ireland na mashua ya ngozi ya ng'ombe, na mwaka 1977 wakafika Newfoundland. Njiani barafu iliwatoboa. Walishona kiraka baharini wakaendelea. Jaribu kushona kiraka kwenye ubao.

Lakini tusidanganyane. Kitambaa hakiogopi pigo kama kinavyoogopa kukwaruzwa. Chaza walioganda kwenye miamba hukata kama wembe, na matumbawe vivyo hivyo. Kinachokula ngozi polepole ni tabia yetu ya kuburuta chombo mchangani. Siku za bamvua maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo ukirudi maji yakiwa yametoka unakuta mwendo mrefu wa mchanga na mawe kati yako na nyumbani. Kayaki hii hubebwa begani. Ina kilo 15 hivi, pungufu au zaidi kidogo kulingana na kitambaa na mbao. Mtoto wa shule ya sekondari anaiweza. Ongeza utepe wa kitambaa cha pili kwenye mstari wa mkuku, pale inapotua, na uweke sindano, uzi na kopo dogo la rangi.

"Bila misumari itaachana"

Anayesema hivi pwani hii amesahau mtepe. Chombo kile kilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kikabeba mizigo baharini, na huko Lamu kiliendelea kujengwa hadi karne ya 20. Kayaki hufuata akili hiyo hiyo: mbao mbili ndefu za juu, kulia na kushoto, ndizo uti wa chombo; mataruma huchomekwa kwenye matundu chini yake, fito za urefu hufungwa juu ya mataruma, na vijiti vya mti hushika viungo vichache. Wimbi likipita, viungo vyote husogea kidogo. Msumari kwenye fito nyembamba huipasua, na chumvi ikiingia unaota kutu. Gundi ngumu nayo hupasuka panapotakiwa pacheze.

Hapa ndipo wenyeji wa Tanga huniambia: kamba si tatizo, tuna mkonge! Mkonge ni sifa yetu tangu Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipoleta miche yake mwaka 1893, lakini kwa kazi hii sitautumia. Unavuta maji na kujikaza, ukikauka unalegea, na ndani ya kayaki ambako unyevu haukauki vizuri, unaoza. Makumbi huvumilia maji ya chumvi vizuri zaidi, ndiyo maana mtepe ulishonwa kwa hayo. Mimi nilitumia uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, nikaupitisha kwenye nta ili fundo lisiteleze.

"Tafuta ramani kwanza"

Ramani zipo, na si vibaya. Ila mjenzi wa zamani wa Greenland alipima mwili wake. Vipimo vilitofautiana mahali na mahali, lakini kawaida moja ni hii: urefu ni pima tatu za mwenye chombo, mikono ikinyooshwa, upana ni nyonga zake pamoja na ngumi mbili, kina ni ngumi na kidole gumba kilichonyooshwa. Nilipomsomea mama yangu alicheka, maana kwake pima, shubiri na wanda si habari ya Aktiki hata kidogo, ni namna bibi alivyopima ukili. Pima yangu ni mita 1 na sentimita 72, kayaki yangu ina mita 5 na sentimita 16. Haitamfaa kaka yangu, na ndivyo inavyotakiwa.

Kuhusu mbao, mkoko uacheni. Ni mzito, na kuukata bila kibali ni kosa. Msindano ulionyooka usio na vifundo unatosha kwa fito. Kwa mataruma usitumie mbao kavu ya dukani: nilipasua saba mfululizo kabla sijakubali. Mianzi mibichi iliyopasuliwa na kulainishwa kwa mvuke wa sufuria ilipinda bila ubishi. Iangalie tu kila mwaka, bungua wanaipenda.

"Haina mrengu, itapinduka"

Itapinduka, ndiyo, hasa siku ya kwanza. Upana wa nusu mita hauna utulivu wa ngalawa yenye mirengu miwili. Ila wembamba huo ndio unaoifanya ifuate nyonga zako: wimbi likija ubavuni unaliachia lipite chini yako. Wainuit walijifunza kujigeuza na kuinuka tena bila kutoka ndani kwa sababu maji yao yanaua kwa baridi. Maji yetu yanakupa muda.

Hatari yenyewe watu hawaitaji. Kayaki hii ndani haina kuta za kuigawa. Ikijaa maji inabaki kama beseni lililozama hadi ukingoni, na kuimwaga ukiwa kwenye kina haiwezekani. Kwa hiyo ncha zote mbili zijazwe hewa: mipira ya ndani ya magurudumu, au chupa za maji zilizofungwa vizuri na kuwekwa kwenye wavu. Hili lisirukwe, kama jaketi okozi lisivyorukwa. Na kujifunza kufanyike ndani ya ghuba, upande wa Raskazone, asubuhi, ukiwa na mwenzako. Kusi likishika kasi, kaa nchi kavu ukapake rangi.

Yule mzee alirudi siku niliyomaliza kushona ngozi kwenye mstari wa katikati ya sitaha. Akaiinua kwa mkono mmoja, akaizungusha, akachungulia tundu la kukalia.

"Nyepesi. Sasa samaki utamweka wapi?"

Nikamwonyesha kamba zilizokatiza juu ya sitaha, ambako mwindaji wa Greenland aliweka chusa yake.

"Changu watatu," alisema. "Nguru hapana."