Hatia ya kosa kubwa la jinai haifutiki yenyewe baada ya miaka 7

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya ndugu zetu walioko Marekani: eti rekodi ya kosa kubwa la jinai hufutika yenyewe ikitimiza miaka 7. Si kweli.

Mkanganyiko unatokana na sheria ya shirikisho ya 1970. Kampuni zinazochunguza waombaji kazi kwa kawaida haziruhusiwi kutaja kukamatwa kwa zamani kusikoishia hatiani, miaka 7 ikipita. Kwa sheria hiyo, hatia yenyewe haina kikomo hicho, na faili la mahakama linabaki.

Ukitaka kuhakiki, nenda kwa karani wa mahakama ya kaunti iliyosikiliza kesi. Mara nyingi ipo kompyuta ya umma: andika jina, soma mashtaka na hukumu. Nakala hulipiwa. Hata hivyo, majimbo kama Michigan hufuta baadhi ya hatia, kwa masharti.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo; anayeuamini atajaza “hapana” fomu ya kazi ikiuliza kama ana hatia, na kuonekana mwongo.