Maana ya mwavuli wa nguzo ya pembeni unaofunguliwa na mtu mmoja

Mwavuli wa nguzo ya pembeni ni mwavuli mkubwa wa kivuli ambao nguzo yake haipiti katikati ya kitambaa. Nguzo husimama kando ya meza, mkono wa chuma au wa alumini hutoka juu yake na kuelekea juu ya meza, na mwavuli wenyewe huning'inia kwenye ncha ya mkono huo kama taa inavyoning'inia darini. Aliyewahi kukaa kwenye meza ya watu sita yenye nguzo katikati, akawa anainama kushoto na kulia ili amwone anayezungumza naye ng'ambo ya sinia la sato, anajua kwa nini wenye migahawa ya ufukweni hapa Mwanza wanautaka. Wavuvi hawataona ugeni mkubwa ndani yake, kwa sababu tanga nalo hushikiliwa na foromali, ule mti unaolibeba, iliyotundikwa kwenye mlingoti, likapandishwa kwa henza, yaani kamba ya kupandishia, na anayevuta henza husimama chini bila kuligusa tanga lenyewe.

Sehemu ya pili ya jina hili, yaani "unaofunguliwa na mtu mmoja", ndiyo inayohitaji maelezo, maana wauzaji huitamka kwa wepesi kana kwamba ni suala la mwavuli kuwa mwepesi au mtu kuwa na nguvu. Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai kwenye mgahawa mmoja upande wa Capri Point, nikawa namtazama dada wa hapo akifungua miavuli minne ya aina hii kabla wateja hawajafika. Alifungua mkanda, akavisukuma vijiti kwa kiganja vitanuke kidogo, kisha akashika kishikio kilichoko kwenye nguzo na kukipandisha kwa mkono wa kulia, huku mkono wa kushoto ukiituliza nguzo isizunguke. Kishikio kilipofika usawa wa paji la uso wake ilimbidi achomeke pini kwenye tundu. Pini ilikuwa inaning'inia kwa mnyororo kwenye nguzo hiyo hiyo, sentimita chache kutoka vidoleni mwake, lakini mikono yote miwili ilikuwa kazini. Alijaribu kuidaka kwa meno, ikamponyoka. "Kaka, samahani, njoo unichomekee hiyo pini," akaniita, nami nikaenda.

Dada yule hakukosa nguvu. Mwavuli ule ulisanifiwa kwa ajili ya mtu mwenye mikono mitatu. Hiyo ndiyo maana ninayoipendekeza: mwavuli unaofunguliwa na mtu mmoja ni ule ambao katika hatua yoyote ya kuufungua haudai zaidi ya mikono miwili, wala kupanda kiti, wala kushikilia mzigo kwa mkono mmoja huku mwingine ukitafuta tundu.

Ili kuona mkono wa tatu unatokea wapi, ni vyema kutenganisha kazi zinazofanyika. Ipo kazi ya kuinua mkono wa mwavuli kutoka unapolala karibu na nguzo hadi unaponyooka juu ya meza. Ipo kazi ya kutandaza kitambaa, yaani kukipandisha kile kipete ambacho vijiti vyote vimefungiwa hadi kitambaa kikaze. Halafu ipo kazi ya kuzuia vyote viwili visirudi. Mwavuli wa kawaida wa mkononi unazo kazi mbili za mwisho tu, na ile kabali ndogo ya chuma inayoruka yenyewe kwa springi humaliza kazi ya kuzuia bila mtu kuifikiria. Katika mwavuli wa pembeni, kazi ya kuinua ndiyo nzito kuliko zote, na kanuni ya nyenzo (wenzo juu ya egemeo) inaifanya iwe nzito zaidi ya inavyoonekana kwa macho.

Tuchukue hesabu ya mfano, tukipima nguvu kwa kilo kama watu wa sokoni wanavyofanya. Kitambaa na vijiti vyake vikiwa na kilo 9, vikining'inia mita 1.6 kutoka kwenye bawaba iliyo juu ya nguzo, vinavuta kwa momenti (nguvu ya kugeuza, yaani uzito mara umbali) ya 9 mara 1.6, ambayo ni 14.4. Sasa kamba au kigogo kinachouinua mkono huo hakiwezi kuushikia kwenye ncha, maana kingepita katikati ya wateja. Kinaushikia karibu na nguzo, tuseme sentimita 40 kutoka kwenye bawaba. Kwa kuwa momenti lazima ilingane pande zote mbili za egemeo, pale panapovutwa panahitaji 14.4 gawanya kwa 0.4, yaani kilo 36, na hapo bado hatujahesabu uzito wa mkono wenyewe. Kitu cha kilo 9 kimegeuka kuwa mzigo unaozidi nusu ya mfuko wa saruji. Anayepandisha kishikio kwa mikono mitupu anapambana na mzigo huo, na unapata uzito wake wote wakati mkono unapokaribia kunyooka, yaani dakika ile ile ya kutafuta pini.

Njia iliyozoeleka ya kupunguza mzigo huo ni winchi: kipipa kidogo kinachoviringisha kamba, chenye mkono wa kuzungushia. Kipipa kikiwa na nusu kipenyo cha sentimita 2 na mkono wa kuzungushia ukiwa na sentimita 16, nguvu inagawanywa kwa 8, kwa hiyo kilo 36 zinakuwa 4.5, ukiongeza msuguano wa kamba kwenye kapi, huenda zikafika 6. Kila mtu mzima anaziweza. Gharama yake ni mizunguko, kwa sababu mashine rahisi haitoi nguvu ya bure: kila mzunguko unavuta kamba sentimita 12.6 tu, na kuvuta mita moja kunahitaji mizunguko minane. Msanifu anayeongeza kapi la pili au giya ili mkono uwe mwepesi kama wa kuchota maji anamzungushisha mtu mara kumi na sita, na penye miavuli minne mhudumu ataanza kuiacha wazi usiku kucha kwa uvivu unaoeleweka kabisa.

Hata hivyo, wepesi wa kuzungusha haukidhi ile maana yetu iwapo kamba itaanza kurudi mara mkono unapoachiwa, na hapa ndipo miavuli mingi ya bei nafuu inapoharibu. Dawa yake ni kizuizi kinachofanya kazi chenyewe. Kimojawapo ni meno yenye ulimi wa springi, ule ule mpango unaolifanya gurudumu la nyuma la baiskeli lilie tiki-tiki unapoacha kukanyaga pedali: linakwenda upande mmoja na kukataa upande mwingine. Kingine ni giya ya skrubu, ambapo skrubu inazungusha gurudumu la meno lakini gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu, kwa kuwa mteremko wa uzi wake ni mdogo kiasi kwamba msuguano unashinda. Giya hiyo hupoteza zaidi ya nusu ya kazi yako katika msuguano huo huo, jambo ambalo kwenye pampu lingekuwa kasoro, lakini kwenye mwavuli ndilo linalokufanya uachie mkono katikati ya safari, umjibu mteja, kisha urudi na kuukuta palepale. Mimi ningeilipia.

Ipo pia springi ya gesi, aina ile inayoshikilia mlango wa buti la gari. Ikipimwa vizuri, uzito wa mwavuli na nguvu ya springi vinakaribia kulingana, na mtu anauongoza mkono badala ya kuubeba. Ila siku kitambaa kinapovuliwa kwenda kufuliwa, mzigo umepungua lakini springi haina habari hiyo. Fundi asiyejua atafungua kufuli na mkono utaruka juu kwa kishindo.

Kuhusu kitako, watu hudhani kinakuwa kizito kwa sababu ya uzito wa mwavuli. Kwa mfano wetu, kitako cha mraba chenye upande wa mita moja na nguzo katikati kingehitaji kilo zisizofika 30 ili mwavuli usianguke siku isiyo na upepo. Zile slabu nne za zege zenye upande wa sentimita 50 na unene wa 5, ambazo kila moja ina karibu kilo 30, zipo kwa ajili ya upepo. Kitambaa cha kipenyo cha mita 3 kina eneo la mita za mraba 7. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukikipiga uso wote, kwa hewa ya hapa iliyo nyepesi kidogo kwa kuwa ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, unakisukuma kwa takriban kilo 37. Mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Penye majabali kama yetu, bolti zilizotobolewa kwenye mwamba zinafanya kazi ya slabu zote nne na mtu hajikwai. Penye mchanga hakuna njia ya mkato.

Upepo wa ziwani hapa una ratiba ya kila siku, kwa maana mchana hutoka ziwani kwenda nchi kavu na usiku hurudi, lakini dhoruba haina ratiba: wingu linakuwa jeusi upande wa maji, na kabla sahani hazijaondolewa mezani upepo umefika. Kwa sababu hiyo neno "kufungua" katika jina la dhana hii linaficha nusu muhimu zaidi, ambayo ni kufunga. Kufungua asubuhi kunaweza kuchukua dakika nzima bila hasara. Kufunga kunapaswa kuwa suala la sekunde chache kwa kila mwavuli, kwa mtu mmoja mwenye mikono iliyolowa, na ndiyo maana kizuizi kizuri cha meno huwa na kitufe cha kukiachia huku breki ikiupunguza mwendo wa kamba. Giya ya skrubu niliyoisifu haiwezi hilo. Inafunga kwa mwendo ule ule iliofungulia. Kwa bustani ya nyumbani iliyojikinga nyuma ya mwamba ningeichagua, kwa ufukwe ulio wazi ningekwenda kwenye meno na breki.

Linabaki suala la jua. Mwanza iko nyuzi 2.5 hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita utosini, na kwa kuwa saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 ulio mbali mashariki, hufika huko karibu saa 7 kasoro dakika 10 mchana. Wakati huo kivuli huanguka moja kwa moja juu ya meza, lakini saa 10 jioni kimeshahamia kwa jirani. Nguzo inayozunguka kwa pedali ya mguu hulimaliza hilo na kuiacha mikono yote miwili huru, na ndiyo ingemwezesha yule dada asiishikilie nguzo kwa mkono wa kushoto.

Anayekwenda kununua au kumwagiza fundi wa kuchomelea anaweza kuupima mwavuli kwa jambo moja: aufungue hadi nusu, aachie mikono yote miwili, na arudi nyuma hatua tatu.