Gesi ya makundi ya galaksi hupata wapi chuma chake?

Mwanaastronomia akitaja "metali" asikuchanganye. Kwake yeye, elementi yoyote iliyo nzito kuliko heliamu ni metali, hata oksijeni tunayoivuta. Wanakemia hununa, lakini ndivyo walivyozoea. Basi gesi "iliyorutubishwa" ni ile iliyotiwa elementi hizo, kwani ulimwengu ulianza na haidrojeni, heliamu na chembechembe za lithi tu.

Galaksi nyingi huishi katika makundi ya mamia, hata maelfu, yaliyoshikwa na mvutano. Nafasi kati ya galaksi hizo imejaa gesi nyembamba mno, chembe elfu moja hivi kwa meta ya ujazo, yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Ajabu ni kwamba, ukiijumlisha, uzito wake unazishinda nyota zote za kundi mara kadhaa. Macho hayaioni, hung'aa kwa eksirei.

Mwaka 1976 setilaiti ya Uingereza, Ariel V, ilinasa alama ya chuma katika eksirei za kundi la Perseus, lililo umbali wa miaka ya nuru milioni 240 hivi. Gesi nyembamba namna hiyo haiwezi kujitengenezea chuma. Kilipikwa na nyota.

Majiko ni mawili. Nyota kubwa zikilipuka humwaga hasa oksijeni, neoni na magnesi. Chuma kwa wingi hutoka kwenye vibete vyeupe, mabaki ya nyota kama Jua, ambavyo navyo huweza kulipuka. Upepo wa milipuko hiyo husukuma vitu nje ya galaksi, na mashimo meusi makubwa huongeza msukumo. Tena galaksi inayokatiza kwa kasi ndani ya gesi ya kundi hupokonywa gesi yake, kama kofia ya abiria wa bodaboda. Lakini kinachotoka kwenye galaksi hakitoki kwenye kundi: mvutano wake ni mkubwa mno.

Swali tamu zaidi ni lini. Chumvi ukiitia mchuzi ungali jikoni, kila bakuli litakolea sawa. Ukiinyunyiza mezani, huku itazidi na kule itapungua. Mwaka 2013, vipimo vya setilaiti ya Japani, Suzaku, vilionyesha kuwa ukitoka katikati ya Perseus hadi pembezoni, chuma kimeenea karibu sawasawa, kwa kiwango cha theluthi moja hivi ya kile cha Jua. Kwa hiyo sehemu kubwa ilitiwa mapema, zaidi ya miaka bilioni 10 iliyopita, kabla kundi halijakamilika. Katikati kabisa, kandokando ya galaksi NGC 1275, ndiko chuma kilikozidi.

Hitomi, setilaiti nyingine ya Japani, ilirushwa Februari 2016 ikapotea mwezi uliofuata. Hata hivyo ilishaitazama Perseus, ikakuta kromi, manganisi, chuma na nikeli zimechanganyika karibu kwa uwiano uleule wa Jua letu.