Kama mgonjwa kapigwa nusu kaputi, dawa ya maumivu ni ya nini?

Tazama mashine iliyo kando ya kitanda cha upasuaji. Mgonjwa kalala fofofo, moyo unadunda mara 70 kwa dakika. Kisu kikipasua ngozi, namba ile yaweza kuruka hadi 110 na presha ikapanda nayo, ingawa mwenyewe hajatikisika wala hatakumbuka lolote. Dawa ya usingizi imemzima fahamu, lakini habari za jeraha bado zinasafiri hadi uti wa mgongo na ubongo, na mwili unaitika.

Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi huongeza dawa za jamii ya mofini, ambazo huzifungia habari hizo njia. Inayotumika sana ni fentanili, iliyotengenezwa Ubelgiji na Paul Janssen karibu mwaka 1960, yenye nguvu takriban mara 100 ya mofini. Hupigwa kwenye mshipa dakika chache kabla ya kisu, ikafanya kazi nusu saa hadi saa moja hivi. Kwa upasuaji mfupi, inatosha.

Upasuaji ukiwa mrefu, namna ya kuitoa dawa ndiyo huamua mgonjwa ataamkaje. Fentanili ikiingia mfululizo kwa saa nyingi hujikusanya kwenye mafuta ya mwili, kama maji kwenye godoro. Ukiifunga, godoro linaendelea kuchuruzika: mgonjwa anachelewa kuamka na, baya zaidi, pumzi zinapungua, maana dawa hizi hulegeza sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji. Remifentanili, dawa nyingine ya jamii hiyohiyo, haina tabia hiyo. Vimeng'enya vya kwenye damu na misuli huivunja upesi, hata pampu ikiwa imeisukuma saa nyingi, kiwango chake hushuka nusu ndani ya dakika 3 au 4 hivi baada ya kuzimwa. Maumivu nayo hurudi kwa kasi ileile, kwa hiyo mgonjwa asipotangulizwa mofini au dawa nyingine ya kutuliza, ataamka analia.

Njia inayonistaajabisha kuliko zote ni ya mgongoni. Mama anayejifungua kwa upasuaji akichomwa ganzi ya mgongo, ndani ya bomba lilelile la sindano huweza kuchanganywa mofini isiyo na vihifadhi, miligramu 0.1 hadi 0.15 tu. Kwenye mshipa angehitaji miligramu 5 au 10, tena kwa nafuu ya saa chache. Tone lile humtuliza kwa saa 18 mpaka 24, kwa kuwa limewekwa mlangoni penyewe maumivu yanapopitia. Anaweza kuketi na kumnyonyesha mwanawe bila kukunja uso. Pengine atajikuna sana. Muwasho ni wa kawaida.

Ila mofini haiingii upesi kwenye mafuta kama fentanili. Hubaki kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, ikapanda polepole kuelekea kichwani, na yaweza kupunguza pumzi saa nyingi baada ya mshono kufungwa. Ukimwona muuguzi wa zamu ya usiku amesimama kando ya mama aliyelala, jicho moja kifuani na jingine kwenye saa, anahesabu pumzi.