Kupakua ICD-10 si kutengeneza ontolojia

Kila mradi wa mfumo wa kusaidia maamuzi ya kitabibu ninaoitiwa hapa Dodoma una mtu wake wa kuuliza: “Ontolojia ya nini tena? Si tupakue ICD-10, magonjwa yote yamo?” ICD-10 ni orodha ya WHO ya misimbo ya magonjwa; ontolojia ni ramani ya dhana na jinsi zinavyohusiana, ambayo mashine inaweza kuifuata. Wiki hii kauliza mkuu wa mradi mwenyewe. Haya, naandika, atakayefuata nitamtumia kiungo.

ICD-10 ni ya kuhesabia: nani kaugua nini, nani kafa kwa nini. Mgonjwa asihesabiwe mara mbili, hivyo kila ugonjwa una kiti kimoja. Vikope, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, ni A71, sura ya maambukizi. Nenda Kongwa, ambako vikope vimetafitiwa kwa miongo, uuombe mfumo wagonjwa wote wa sura ya macho: wa vikope hawatatokea. Kwenye ontolojia kama SNOMED CT, mkusanyiko wa kimataifa wa istilahi za kitabibu, dhana moja huwa na wazazi, yaani makundi ya juu yake, zaidi ya mmoja: vikope vitakuwa chini ya macho na chini ya maambukizi. Hilo rahisi, tupite.

Wanaoniudhi ni wanaokubali hapo, kisha wakadhani ukishaweka “ni aina ya” mashine itajiongoza. Itajiongoza, mpaka korongoni. Chukua aleji ya salfa. Septrin, dawa ya kuua bakteria, ina sulfamethoksazoli, ambayo ni salfonamidi, yaani kundi la kikemia la dawa za salfa. SP wanayopewa wajawazito kujikinga na malaria ina sulfadoksini, salfonamidi vilevile. Mfumo ukipiga kelele hapo, asante sana. Lakini kikemia hata Lasix ni salfonamidi! Ukifuata kemia, mgonjwa wa moyo aliyewahi kutoka vipele kwa Septrin atawekewa onyo kwenye Lasix, dawa yake ya kumpunguza maji mwilini, wakati ushahidi kwamba aleji ya salfa za kuua bakteria huvukia hizi nyingine ni hafifu. Daktari atalifunga onyo hilo leo, atalifunga kesho, mwishowe atayafunga yote bila kusoma, na la SP likiwemo. Kwa hiyo kundi la kikemia na kundi la aleji hujengwa mbalimbali, na hakuna faili la kupakua litakalokuamulia. Unakaa na mfamasia.

Na mfamasia wetu bado tunabishana kuhusu dapsoni, dawa ya ukoma. Ni salfoni, si salfonamidi. Wapo waliodhuriwa na Septrin wakaivumilia, wapo walioshindwa. Nimeipa onyo dogo, na siku nyingine naona ni woga wangu tu. Halafu “aleji ya Septrin” kwenye faili yaweza kuwa ngozi kubabuka mwili mzima, yaweza kuwa kichefuchefu. Nimeongeza sehemu ya kuandika kilichomtokea mgonjwa. Wengi wanairuka.