Kompyuta au TV kwa filamu? Pima umbali wa kiti kwanza

Swali la kama filamu inapendeza zaidi kwenye laptop au kwenye TV huwa linajibiwa kwa inchi, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Inchi hazina maana mpaka ujue macho yako yako umbali gani. Laptop ya inchi 15.6 ina kioo chenye upana wa sentimita 34 na nusu. Ikiwa mezani, sentimita 60 kutoka usoni, picha yake inajaza nyuzi 32 za upeo wako wa kuona. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95, lakini ukiwa kwenye kochi mita 3 kutoka hapo, kama sebule nyingi zilivyopangwa, inajaza nyuzi 18 tu. Yaani ile ndogo ndiyo inayokupa picha kubwa, na TV uliyoinunua kwa bei inabaki kama dirisha la mbali.

Kipimo kinachotumika sana kwa kutazama filamu nyumbani ni nyuzi 30 hivi. Hesabu yake ni nyepesi: chukua inchi za TV, zidisha kwa 4, utapata sentimita za kukaa. Inchi 32 inataka mita 1.3, inchi 43 inataka mita 1.7, inchi 55 inataka mita 2.2. Siku ya filamu sogeza viti mbele. Ni ushauri wa bure na unabadilisha mambo kuliko kununua TV mpya.

Umbali huohuo ndio unaoamua kama 4K, yaani picha yenye nukta mara nne ya Full HD, inakufaa. Kwenye TV ya inchi 43 ya Full HD, nukta moja ya picha ina takriban nusu milimita. Jicho lenye uoni wa kawaida likishapita mita 1.7 haliwezi tena kuzitofautisha nukta hizo. Kwa hiyo ukikaa mita 3, 4K kwenye inchi 43 inakula bando tu. Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 3 kwa saa kwa HD na hadi GB 7 kwa 4K. Weka HD, hutapoteza kitu unachoweza kukiona.

Kwa mtazamaji mmoja mwenye spika za masikioni, laptop yenye kioo kizuri inatosha kabisa, na umeme ukikatika katikati ya filamu yenyewe inaendelea. Ila zima ile taa ya usiku ya Windows inayofanya kioo kiwe cha manjano, maana inaharibu rangi zote. Wakiwa watu watatu au wanne, TV inashinda bila ubishi. Vioo vingi vya laptop za bei nafuu, ukivitazama kutoka juu, chini au pembeni, hubadilika rangi, na picha inaweza kugeuka kama negativu.

TV nayo ikitoka dukani huwa haijapangwa kwa ajili ya filamu. Imepangwa ing'ae kuzishinda zilizo jirani yake kwenye rafu. Fungua mipangilio ya picha, toka kwenye “Vivid” au “Dynamic”, weka “Movie”, “Cinema” au “Filmmaker Mode”. Hii ya mwisho ilitangazwa mwaka 2019 na muungano wa UHD Alliance, na kazi yake ni kuzima kwa mkupuo mmoja madoido yote ambayo mtengenezaji wa filamu hakuyakusudia. Dakika kumi za kwanza utaona picha ni ya manjano na imefifia. Vumilia, macho yatazoea, na ngozi za watu zitaonekana ngozi badala ya plastiki.

Doido baya kuliko yote ni la kulainisha mwendo. LG wanaliita TruMotion, Sony ni Motionflow, Samsung ni Picture Clarity (zamani Auto Motion Plus). Filamu za sinema hupigwa fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. TV hubuni fremu za ziada katikati ya zile halisi, na filamu ya gharama kubwa inaanza kufanana na tamthilia ya studio. Utaliona kirahisi mtu akipunga mkono haraka: pembezoni mwa vidole panatokea ukungu unaotetema. Zima. Kwa mpira liache likupendeze, kwa filamu hapana.

Kompyuta ina ugonjwa wake hapohapo kwenye mwendo. Vioo vingi vya kompyuta hujichora mara 60 kwa sekunde, na 24 haiingii kwenye 60 bila baki. Basi fremu moja inaonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu: milisekunde 33, kisha 50, kisha 33 tena. Kamera ikipita polepole juu ya nyumba au milima, picha inadunda badala ya kuteleza. Kioo cha Hz 120, yaani kinachojichora mara 120 kwa sekunde, hakina tatizo hilo kwa sababu kila fremu inapata mara tano sawasawa. Ukiwa umeunganisha laptop na TV, ingia mipangilio ya kioo ya Windows, sehemu ya “Advanced display”, chagua TV, weka 24 Hz au 23.976 Hz. Filamu nyingi za kidijitali ni 23.976. Mshale wa mausi utakuwa mzito, hiyo ni kawaida. Rudisha 60 ukimaliza.

Na hapa ndipo jibu langu lilipo: kompyuta icheze faili, TV ionyeshe picha. Waya wa HDMI wa kawaida unatosha kwa Full HD. Kwa 4K, mlango wa HDMI 1.4 wa laptop za zamani unaishia Hz 30, ambao bado unabeba filamu ya fremu 24 bila shida. Waya wa VGA haubebi sauti, usihangaike nao kama HDMI ipo. Chomeka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha chagua kioo cha pili peke yake. Ukichagua kunakili, TV italazimika kufuata ukubwa wa picha wa laptop na utapoteza ukali.

Kama kingo zimekatwa na huoni kitufe cha Start, hiyo ni tabia iliyorithiwa kutoka TV za chogo, zilizokuwa zikificha pembe za picha. Kwenye ukubwa wa picha tafuta “Just Scan” au “Screen Fit”. Kama weusi umekuwa kijivu, au nywele nyeusi za mtu zimekuwa doa moja lisilo na unyweleo, tatizo ni viwango. Kompyuta huhesabu weusi kuanzia 0 na weupe hadi 255; video huanzia 16 na kuishia 235. Pande mbili zisipokubaliana picha inaharibika. Kwenye programu ya kadi ya picha weka “Limited”, kisha kwenye TV weka kiwango cha weusi cha HDMI kwenye “Low”. Ujaribu kwa filamu pana, ile yenye mikanda myeusi juu na chini: taa ikiwa imewashwa, mikanda isipishane sana na fremu ya TV yenyewe.

Huduma za kulipia zina ulinzi wa HDCP, unaozuia filamu kunakiliwa kupitia waya. Ukipitisha waya kwenye kigawanyio cha bei rahisi, unaweza kupata sauti na kioo cheusi. Chomeka moja kwa moja.

Sauti sasa. Windows huweza kudhani TV ina spika sita na kuituma sauti ya 5.1. Maongezi yote ya filamu hukaa kwenye chaneli ya kati, na TV yenye spika mbili ikiitupa chaneli hiyo, unasikia muziki na milipuko huku midomo ikichezacheza. Fungua jopo la sauti, chagua TV, bonyeza “Configure”, weka Stereo. Kama maongezi yapo lakini yanazidiwa na kelele, VLC, programu ya bure ya kuchezea video, ina kibanio cha sauti ndani ya madoido na vichujio; kiwashe, minong'ono itapanda na milipuko itashuka. Spika ya Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi milisekunde 100 hadi 200. Bonyeza J kwenye VLC. Kila mbonyezo unaiwahisha kwa milisekunde 50.

Ukiamua kuachana na laptop na kuchomeka flashi kwenye TV, kuna vizuizi vitatu. Kwanza, flashi ya FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Ifomati kuwa exFAT au NTFS kulingana na TV yako, baada ya kuhamisha vilivyomo. Pili, video iliyobanwa kwa mfumo wa H.264 wa biti 10 haichezi karibu kwenye TV zote, hata kama H.264 ya kawaida inacheza vizuri. Tatu ni DTS, aina ya sauti iliyomo kwenye faili nyingi za filamu: Samsung waliiondoa kuanzia TV za 2018, LG wakaiacha 2020, wakairudisha 2023, kisha wakaiacha tena 2025. Picha inakuja, sauti haipo. Hapo huhitaji kubadilisha filamu nzima kwa saa nyingi. Badili sauti tu kwenye kompyuta, kwa amri hii ya ffmpeg, programu ya bure ya kubadili video:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k filamu2.mkv

Picha inanakiliwa ilivyo, kwa hiyo ubora haupungui, na kazi inaisha kwa dakika chache.

Maandishi ya tafsiri, faili la srt, liwe na jina lilelile la filamu, kwenye folda ileile, limehifadhiwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Yakitangulia mdomo, bonyeza H kwenye VLC; yakichelewa, bonyeza G. Lakini kama yanaanza sawa kisha yanaitangulia filamu kidogo kidogo, vitufe havitasaidia. Mara nyingi maana yake maandishi yalitengenezwa kwa toleo la fremu 25, lililokimbizwa kwa ajili ya televisheni za Ulaya, na faili lako ni la 23.976. Ikifika saa moja, pengo ni karibu dakika mbili na nusu. Fungua srt kwenye programu ya bure ya Subtitle Edit, tafuta badiliko la kasi ya fremu, weka kutoka 25 kwenda 23.976, hifadhi, kisha ruka hadi dakika kumi za mwisho za filamu kuhakikisha.