Kukimbia na barakoa: pumzi inakata kweli au ni joto la usoni tu?

Jumapili iliyopita kwenye jogingi yetu braza mmoja kaja na barakoa nyeusi ya mpira, ina vivalvu pembeni kama rubani wa ndege ya kivita, tumetoka mita mia tano tu jamaa anahema utadhani kabeba gunia la mahindi, na kila tukimuuliza vipi anatuonyesha dole gumba. Tulipomaliza tukakaa chini ya mwembe tunakunywa maji, maswali yakaanza, na kwa vile mimi ndo mtu wa afya kwenye kundi (kazi yangu ni mazoezi tiba, kunyoosha watu viungo) nikabebeshwa yote. Mengine niliyajibu palepale, mengine nikaenda kusoma kwanza.

Ivi barakoa si inazuia oksijeni isiingie?

Haizuii. Oksijeni kupita kwenye kitambaa cha barakoa ni kama mbu kupita kwenye goli la mpira, haigusi mwamba wala nyavu. Hata kirusi cha korona chenyewe, ambacho watu wanasema ni kidogo mno, ni kikubwa kuliko molekuli ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, na barakoa inachokamata hasa ni vile vimatone vya mate vilivyokibeba. Hewa ukaa nayo inatoka hivyohivyo. Nilijaribu mwenyewe kazini, nikavaa barakoa ya hospitali, nikabana kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu, nikapanda ngazi ghorofa nne kwa haraka: chini kilisoma asilimia 98, juu kikasoma 97. Nikapumzika nikarudia bila barakoa, juu kikasoma 97 tena. Jasho tu ndo lilikuwa tofauti.

Sasa mbona mimi nikikimbia nayo nahisi nakata roho?

Na hujidanganyi, unachohisi kipo, ila chanzo chake sicho unachodhani.

Chukua dumu la maji la lita 20. Ukiwa umekaa unaangalia tivii, hewa unayovuta kwa dakika moja ni lita 6 mpaka 8 hivi, haifiki hata nusu dumu. Ukikimbia kwa nguvu zote inafika lita 100, yani madumu matano kwa dakika, na wale wanariadha wenyewe wanapita hata 150. Sasa haya madumu matano unayapitisha kwenye kitambaa. Kwa nusu dumu kitambaa hakisumbui, ndo mana daktari anasimama chumba cha upasuaji masaa na masaa amevaa na haanguki, lakini kwa madumu matano misuli ya mbavu na ya chini ya mapafu inaanza kufanya kazi ya ziada kuvuta, na hiyo misuli nayo inakula oksijeni, inagombania damu na mapaja yako.

Alafu kuna ile hewa inayobaki kati ya mdomo na barakoa. Hewa unayotoa ina hewa ukaa asilimia 4 hivi, kidogo inabaki pale unaivuta tena. Na ujue ubongo ukikulazimisha uheme unakuwa unaangalia zaidi hewa ukaa kwenye damu kuliko oksijeni, kwaiyo ikipanda hata kidogo unaambiwa hema haraka, na ukihema haraka kitambaa nacho kinakaza zaidi.

Kuna na kitu wengi hatukijui, uso. Ngozi ya kuzunguka midomo na pua ina mishipa ya fahamu inayohisi joto na upepo, na hiyo inachangia sana namna ubongo unavyosoma hali ya pumzi. Wagonjwa wa mapafu wakipuliziwa feni ndogo usoni wanasema wamepata nafuu ya pumzi wakati oksijeni yao haijabadilika hata nukta. Barakoa inafanya kinyume chake, inakuwekea mvuke wa moto usoni, ukichanganya na jasho lililolowesha kitambaa mpaka kinanata kwenye midomo kila ukivuta, hapo hata kama mapafu yako salama kichwa kinakwambia tunazama.

Wataalamu wamepima au ni maneno ya mtaani?

Wamepima, na majibu hayafanani, ndo uhondo wenyewe.

Chuo Kikuu cha Saskatchewan kule Kanada mwaka 2020 walichukua watu 14, wanawake 7 wanaume 7, wakawapandisha baiskeli ya mazoezi wapige mpaka wachoke kabisa, mara bila barakoa, mara na ya hospitali, mara na ya kitambaa. Muda wa kuchoka haukubadilika, oksijeni kwenye damu na kwenye misuli haikubadilika. Mwaka huohuo Leipzig, Ujerumani, wakapima wanaume 12 wenye afya, wao wakaona hewa inayoingia imepungua na nguvu ya juu kabisa imeshuka, na zile nene aina ya N95 (wao wanaziita FFP2) zilishusha zaidi kuliko za hospitali. Mwaka 2021 watu wa Texas, Marekani, wakaweka watu wazima 31 kwenye mashine ya kukimbilia na barakoa za kitambaa, muda ukapungua kwa asilimia 14 na kile kipimo cha juu cha mwili kutumia oksijeni kikashuka asilimia 29, na wengi wakalalamika wamebanwa spidi ilipopanda.

Nani mkweli? Nionavyo mimi wote, wamepima tofauti tu. Ili upime hewa anayotumia mtu unamfunga kinyago cha kupimia, na ukikifunga juu ya barakoa kinaikandamiza usoni, hewa iliyokuwa inapita pembeni haipiti tena, kwaiyo barakoa inakuwa kali kuliko ile unayovaa barabarani. Wa Saskatchewan hawakufunga hicho kinyago. Nikijumlisha naona hivi: kutembea haraka na kukimbia taratibu tofauti ni ndogo hata hutaiona kwenye saa, ila zile mbio za kumalizia, mlima, kuruka kamba, pale madumu yanapokaribia matano, barakoa itakudai. Na inadai kwenye hisia kabla ya kudai kwenye miguu. Punguza spidi, siku hiyo usijilinganishe na muda wako wa kawaida.

Na hii nyeusi ya mpira, si ndo inakuletea hewa ya mlimani?

Swali la braza mwenyewe hilo. Nikamwambia kaka, hapana.

Iten kule Kenya ni kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Watu wanasema oksijeni ni chache kule, kumbe asilimia ni ileile 21 kama ya huku pwani, kinachoshuka ni mgandamizo wa hewa, kwaiyo kila pumzi inakuja na oksijeni pungufu kwa kama robo. Na mtu wa Iten anavuta hiyo hewa akiwa amelala, anakula ugali, anachunga ng'ombe, masaa 24, wiki kwa wiki, ndo figo zinatoa homoni ya kuamsha uboho utengeneze chembe nyekundu nyingi za damu, zile zinazobeba oksijeni. Barakoa yako imepunguza nafasi ya hewa kupita, hewa yenyewe ni ileile ya Kinondoni, na ukimaliza dakika arobaini unaivua unaenda kunywa supu. Damu itajua saa ngapi kwamba upo mlimani?

Chuo Kikuu cha Wisconsin-La Crosse, Marekani, waliijaribu wiki 6, kundi moja na barakoa hizo kundi jingine bila, wote wakipiga baiskeli mazoezi yaleyale. Stamina ilipanda kwa wote, tofauti ya makundi haikuwa ya kuhesabika, na damu haikubadilika. Kinachoweza kupata faida kidogo ni ile misuli ya kupumulia, mana imefanyishwa kazi. Hela ya ile barakoa ingetosha raba nzuri, nilimwambia, akacheka, ila sidhani kama alipenda.

Ndugu yake huyu ni yule anayevaa koti la nailoni juani ili apunguze kilo. Zile kilo ni maji, ukinywa chupa mbili zimerudi.

Nilisikia watoto China walikufa kwa barakoa kwenye michezo?

Mwaka 2020 habari zilitoka za wanafunzi waliofariki kwenye kipindi cha michezo wakiwa wamevaa, shule ndo zimefunguliwa tu baada ya miezi ya kukaa ndani. Kwamba barakoa ndo iliyoua haikuthibitishwa, na mtoto aliyekaa miezi bila mazoezi ukimkimbiza ghafla kuna mambo mengi ya kutazama, moyo ukiwa wa kwanza. Ila mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilisema wazi watu wasivae barakoa wakati wa mazoezi makali, wakae mbalimbali badala yake, na watoto wakicheza na kukimbia wavue. Mtoto ukimwambia punguza spidi hapunguzi, kwaiyo mvue tu.

Mimi navaa kwa ajili ya vumbi na moshi, sio korona.

Hii hoja naielewa kabisa. Alfajiri unapita, wafagiaji wa barabara wako kazini vumbi limesimama kama ukungu, mbele mtu anachoma takataka, pembeni daladala bovu limetema moshi mweusi usoni kwako. Na ukikimbia unahema kwa mdomo, ile kazi ya vinyweleo vya pua kuchuja umeiruka, na unavuta hewa mara kumi na zaidi ya mtu anayesubiri gari kituoni.

Kitambaa kitakamata vumbi kubwa, lile la kukaa kwenye meno. Ule moshi mwembamba unaoingia mpaka ndani ya mapafu unapita. N95 iliyokaa vizuri inaukamata, angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana, ila ndo hiyohiyo inayokaba, huwezi kupiga nayo spidi. Mimi nilihama njia. Badala ya barabara kuu napita za mitaani au ufukweni, nyumba mbili tatu kutoka kwenye magari hewa inabadilika. Siku moshi umezidi naruka kamba ndani.

Nina pumu, nivae?

Pumu ya mazoezi inaamshwa sana na hewa baridi na kavu, kwaiyo mtu wa Makete au Njombe asubuhi ya mwezi wa saba, kitambaa mdomoni kinaweza hata kumsaidia, kinapasha hewa kabla haijafika kifuani. Wa Dar kwenye joto hapati faida hiyo, atapata kukabwa tu. Popote ulipo, pampu yako iwe mfukoni, usiiache kwenye gari, na kama daktari alikuambia upulize kabla ya kukimbia, puliza. Wenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia na wajawazito wazungumze kwanza na wanaowatibu, mazoezi makali na barakoa msianze wenyewe.

Nitajuaje nimezidisha?

Kumbuka mchakamchaka shuleni. Ukiweza kuitikia wimbo huku unakimbia upo pazuri. Ukiweza kusema sentensi nzima ila kuimba huwezi, bado pazuri. Ukibaki na neno mojamoja, na umevaa, punguza. Ikija kizunguzungu, kifua kubana, kichefuchefu, macho kuona giza au moyo kupiga hovyohovyo, vua hapohapo, usisubiri kufika kwenye nguzo ile ya umeme. Tembea kidogo, kaa kivulini, na kifua kikiendelea kubana nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ikilowa nibadili au nimalizie nayo?

Badili. Ikilowa hewa inapita kwa shida, haichuji vizuri, na vijidudu vinapenda unyevu na joto. Beba mbili, ya kitambaa fua kwa sabuni anika juani, ya hospitali ikishalowa tupa kwenye pipa, sio pale mtaroni. Na ile chafu usiirudishe kwenye mfuko mmoja na safi, tafuta kibahasha cha karatasi, rambo si zilishapigwa marufuku tangu 2019.